Uzi: Nimepata waifai, nimepoteza kebo. Debian 12 kwenye Dell ya zamani (Bukavu)

Kalamu_Kadutu ameandika:

Wakubwa, jambo. Naomba mnisaidie kabla sijafuta kila kitu na kuanza upya.

Niko na sekretariya ndogo huku Kadutu. Tunachapa kazi za wanafunzi, tunafanya fotokopi, tunafunga TFC (kazi za kumaliza masomo). Windows ya mashini yetu ilishindwa na virusi: kila mwanafunzi anakuja na kle (flashi ya USB) yake, na akitoka anabeba virusi vya mwenzake. Nikaamua kuweka Linux, yaani Debian 12 yenye mazingira mepesi ya Xfce. Mashini ni Dell Inspiron 6400, RAM 2 GB.

Mwanzoni kebo ilishika yenyewe, waifai ikakataa. Nikasoma kwamba kadi za Broadcom zinataka broadcom-sta-dkms, nikaiweka, waifai ikaja. Nikazima, nikawasha: kebo hakuna. Sisemi kwamba intaneti ni dhaifu. Kifaa chenyewe hakimo kwenye orodha ya mtandao, na taa ya tundu haiwaki. Rafiki yangu anasema Debian ndiyo mbaya, niweke Mint, Linux ya aina nyingine. Jirani fundi wa redio anasema tundu liliungua juzi umeme uliporudi kwa nguvu.

Mimi nataka vyote viwili. Kebo ndiyo inanifikisha kwenye rauta na kwenye printa. Waifai ni ya jioni, nikibeba mashini nyumbani.

Birere_7 ameandika:

Weka Mint ulale. Kutoka Goma nakuombea.

yaya_nguba ameandika:

Birere, kerneli (kiini cha mfumo) ya Mint ni Linux hiyo hiyo, na kadi zitabaki zile zile zilizofungwa kwa skrubu mle ndani. Akibadilisha distro (aina ya Linux) atabadilisha picha ya ukutani, ugomvi utahamia naye.

Mdogo wangu wa Kadutu, usifute kitu. Fungua terminali, andika hizi tatu, halafu ubandike majibu hapa kama maandishi. Picha ya simu hatuitaki:

`lspci -nnk | grep -A3 -iE 'ethernet|network'`
`lsmod | grep -E 'wl|ssb|b43|b44'`
`grep -r blacklist /etc/modprobe.d/`

Namba zilizo ndani ya mabano ya mraba, zenye nukta mbili katikati, ndizo kitambulisho cha kadi. Kibandiko cha chini ya mashini hakitoshi, maana modeli moja ya Dell iliuzwa na kadi za waifai za aina tofauti. Mwenye 6400 yenye kadi ya Intel hatakuwa na tatizo lako hata siku moja, na ushauri wake hautakufaa.

Kalamu_Kadutu ameandika:

Yaya, haya hapa. Nimekata mistari isiyohusika.

`03:00.0 Ethernet controller: Broadcom BCM4401-B0 100Base-TX [14e4:170c]`
`    Kernel modules: b44`
`0b:00.0 Network controller: Broadcom BCM4311 802.11b/g WLAN [14e4:4311]`
`    Kernel driver in use: wl`
`    Kernel modules: ssb, wl`

Kwenye lsmod naona wl tu. Kwenye marufuku (blacklist) kuna faili la broadcom-sta lenye b43, b43legacy, b44, bcma, brcmsmac, ssb na mengine.

yaya_nguba ameandika:

Basi jibu umelileta mwenyewe. Nitaeleza polepole, maana swali hili linarudi kila baada ya miezi michache na kila mara mtu anaambiwa anunue mashini nyingine.

Tazama mistari ya kebo. Kuna mstari wa moduli (kipande cha kerneli, mara nyingi ndicho dereva anayeendesha kifaa) unaotaja b44, lakini mstari wa dereva anayetumika haupo. Maana yake mashini imekiona kifaa, inamjua dereva wake kwa jina, ila huyo dereva hajaingia kazini. Kifaa kilichoungua kabisa kwa kawaida hata kwenye orodha hiyo kisingetokea. Na taa kutowaka si ushahidi wa kuungua, kwani hakuna dereva aliyekiamsha.

Kwa nini b44 hajaingia? Kwa sababu amepigwa marufuku, na aliyempiga marufuku ni ile paketi uliyoiweka kwa ajili ya waifai.

Miaka ile Broadcom walitengeneza chipu zenye sehemu kadhaa zinazoongea kwa njia moja ya ndani. Kwenye Linux, moduli inayoijua njia hiyo inaitwa ssb. Juu ya ssb wanakaa wawili: b43 wa waifai na b44 wa kebo. Hao ni madereva huru, wamo ndani ya kerneli. B43 aliingia na kerneli 2.6.24, mwanzoni mwa 2008. Upande wa pili yuko wl, dereva wa Broadcom wenyewe aliyeletwa na broadcom-sta-dkms, ambaye sehemu yake kubwa imefungwa, hakuna anayeisoma. Huyu hapiti kwa ssb. Anataka kuishika kadi ya waifai moja kwa moja, na ssb akitangulia kuishika, wl anabaki mlangoni. Ndiyo maana paketi yake inakuja na orodha ya marufuku: ssb asiingie, b43 asiingie, b44 asiingie.

Shida ni kwamba marufuku inataja majina ya moduli, haiangalii kadi. Ni kama mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji mmoja wa ghorofani, akang'oa ngazi ya nyumba nzima. Mashini ambazo kebo yao ni ya Intel, Realtek au Marvell hazisikii chochote. Yako ina Broadcom juu na chini, kwa hiyo imesikia.

Kabla ya kurekebisha, tupime. Chomeka kebo, andika:

`sudo modprobe b44`

Marufuku ile inazuia moduli kujipakia yenyewe tu. Ukiiita kwa jina, inakuja, na inamvuta ssb pamoja nayo. Wl ameshaishika waifai, kwa hiyo ssb hataigusa. Tuambie umeona nini.

Kalamu_Kadutu ameandika:

YAYA. Taa imewaka! Kebo imerudi na waifai bado iko. Fundi wa redio namwambia nini sasa?

Niandike hiyo amri iwe inajiendesha kila mashini inapowaka, nimalize?

Katuba_Elec ameandika:

Mimi niko Lubumbashi, kazi yangu ni kutengeneza mashini, na nasemaka hivi kila siku: mnapoteza wakati. Kidude cha waifai cha USB ni dola chache. Chomeka, kadi ya ndani iache ilale, rudisha b44, mwisho. Mteja anataka mashini, hataki somo la chipu.

yaya_nguba ameandika:

Katuba, kwa mteja anayesubiri kwenye benchi una haki. Lakini kidude kipi? Vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini vina chipu ambazo dereva wake unamtoa kwenye tovuti ya mtu fulani na kumjenga mwenyewe, halafu kerneli ikisogea unamjenga tena. Hapo umeondoa ugomvi wa ndani ukaununua wa nje. Chenye chipu ya Atheros AR9271 ningekikubali bila maneno: dereva wake, ath9k_htc, amo kwenye kerneli, na hata fimwea yake ni huria. Tatizo ni kwamba boksi haliandiki chipu. Linaandika "Linux OK" na picha ya pengwini.

Kalamu, amri ya kujiendesha itafanya kazi, lakini sikushauri. Utabaki unamtegemea wl, na toleo la mwisho la Broadcom wenyewe, 6.30.223.271, ni la mwaka 2015. Tangu hapo wanaomweka hai ni watu wa distro, wanampiga viraka kila kerneli inapobadilika. Kwa BCM4311 humhitaji kabisa, kwa sababu b43 anaiendesha kadi hiyo vizuri. Kilichokosekana siku ya kwanza ni fimwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila inapowashwa.

Labda utauliza kwa nini Debian 12 haikuiweka, wakati tangu ilipotoka Juni 2023 diski yake rasmi inakuja na fimwea zisizo huria. Hii haimo kwa sababu Broadcom hawakutoa ruhusa ya kuisambaza. Ndiyo maana kuna paketi ambayo haina fimwea ndani yake: inaenda kuchukua dereva wa zamani mtandaoni, inamkata, inatoa fimwea mle ndani. Inahitaji intaneti wakati wa kuwekwa. Bahati yako, kebo inakuja kwanza.

Fuata mpangilio huu huu (apt ndiyo inayoweka na kutoa paketi):

`sudo apt purge broadcom-sta-dkms`
`grep -r -e ssb -e b44 /etc/modprobe.d/`

Ya pili isilete kitu. Ikileta, kuna faili uliloandika kwa mkono kutoka ukurasa fulani, lifute. Kisha:

`sudo update-initramfs -u`

Zima kabisa, usi-ristati. Toa chaji na betri kwa dakika moja, washa. Kadi iliyoshikwa na dereva mmoja mara nyingine inaamka na tabia zake ikiwa haikukatiwa umeme. Kebo itakuwa imerudi yenyewe. Ndipo:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-b43-installer`

Ikisema haijui paketi hiyo, ongeza neno contrib kwenye /etc/apt/sources.list.

Na wengine mnaosoma: msinakili bila kutazama namba. Mwenye 14e4:4315, yaani BCM4312 ya kwenye Inspiron 1545 na wenzake, paketi yake ni firmware-b43-lpphy-installer. Mwenye BCM43142, 14e4:4365, huyo b43 hamjui kabisa, atabaki na wl apende asipende.

Kalamu_Kadutu ameandika:

Nimefika katikati, umeme ukakatika. Betri ya mashini hii ni pambo tu. Ulipokatika apt ilikuwa bado inatoa broadcom. Sasa umerudi, nimewasha, kebo iko, lakini apt update inakataa: "Release file is not valid yet". Tena inanieleza kwamba dpkg, ile inayofanya kazi chini ya apt, ilikatizwa.

Birere_7 ameandika:

Hiyo naijua, tunaionaka hapa Goma kila wiki. Tazama saa ya mashini. Betri ndogo ya BIOS (programu ya kuwashia mashini) imekufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Apt inaona orodha ya paketi imeandikwa siku ambayo kwake haijafika, inakataa. Hata kurasa za https zinakataa kwa sababu hiyo hiyo, na watu wanalaumu rauta.

`sudo date -s "MWAKA-MWEZI-SIKU SAA:DAKIKA"`

Jaza tarehe ya leo. Usitumie timedatectl set-time, itakataa kama ulinganishaji wa saa umewashwa. Halafu:

`sudo dpkg --configure -a`

kisha rudia purge. Betri ni CR2032, hata kwa wauza saa ipo. Kwenye baadhi ya laptopu imefungwa kwa waya mbili na plagi, hiyo usiikate, tafuta yenye plagi. Na kazi kama hii ifanye mashini ikiwa kwenye betri ya sola au inverta. Umeme ukikukata wakati wa update-initramfs, kesho hutakuwa na mashini ya kuulizia.

yaya_nguba ameandika:

Birere leo amesema jambo la maana, nani angedhani.

Katuba_Elec ameandika:

Sawa, nimekubali la kidude. Lakini niwaulize la kwangu. Lenovo IdeaPad ya mteja, waifai inaonekana, dereva yuko, lspci haina shida. Ila haishiki. `rfkill list` inaonyesha ideapad_wlan: Hard blocked: yes. Na mashini hii haina swichi ya pembeni! Nimebonyeza Fn zote mpaka kidole kimechoka. Nilishaanza kutafuta kadi nyingine ya kubadilisha.

yaya_nguba ameandika:

Kadi acha mahali ilipo. Hapo wenye funguo ni wawili: dereva wa waifai, na moduli ya ideapad_laptop inayosoma vitufe vya Lenovo kupitia BIOS. BIOS inatoa jibu la swichi ambayo haikuwekwa kwenye modeli hiyo, moduli inaliamini, inafunga. Pima kwanza:

`sudo modprobe -r ideapad_laptop`

Waifai ikifunguka hapo hapo, andika `blacklist ideapad_laptop` kwenye faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d/. Utapoteza vitufe kadhaa vya Fn. Mwambie mteja mapema asije akarudi na kelele.

Na kuhusu kubadilisha kadi, angalieni sana. HP na ThinkPad nyingi za miaka ile zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nyingine, HP inasimama na "104-Unsupported wireless network device detected", ThinkPad inasimama na "1802: Unauthorized network card". Hapo hata Linux hujaifikia. Utakuwa umenunua kadi ya kuweka kwenye droo.

Katuba_Elec ameandika:

Imefunguka palepale. Kadi niliyokuwa nimeagiza naitangaza hapa, bei tunaelewana.

Mugunga_net ameandika:

Naomba niingie na yangu, HP yenye Intel na Nvidia pamoja. Nilipoweka Linux skrini ilikuwa nyeusi, mtu akaniambia niandike nomodeset. Ikakubali. Sasa iko hivyo hivyo miezi mingi, ila video zinakwama, mwanga wa skrini haupungui, feni inapiga kelele kama kinu. Niongeze RAM?

yaya_nguba ameandika:

RAM haihusiki. Nomodeset ni ya kukuingiza ndani siku ya kwanza, si ya kuishi nayo. Ukiiacha, inamfunga nouveau, dereva wa Nvidia aliyekuletea skrini nyeusi, na inamfunga pia i915, dereva wa Intel ambaye hana kosa lolote. Kila picha inachorwa na prosesa peke yake. Weka mesa-utils, andika `glxinfo -B`. Ukiona neno llvmpipe, ndicho ninachosema.

Funga mkosaji tu. Ukiwasha, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo) bonyeza e, mahali pa nomodeset andika `nouveau.modeset=0`, kisha Ctrl na X. Hiyo ni ya kuwasha mara moja, ikikataa hujaharibu kitu. Ikikubali, iweke kwenye /etc/default/grub na uendeshe `sudo update-grub`. Intel atachukua skrini, mwanga utapungua na kuongezeka. Chipu ya Nvidia inaweza kubaki imewaka bure na kula betri kidogo. Kama BIOS yako inaruhusu kuizima, izime huko, ni safi zaidi.

dada_essence ameandika:

Dada naomba swali dogo. Mimi pia nina Inspiron 6400, nilipewa na mjomba aliyetoka Ubelgiji. Nimepakua Debian 13 kwa mega zangu zote za mwezi, kle inawaka lakini inaniambia prosesa hii haifai. Ya Kalamu imekubali Debian 12, yangu inakataa kwa nini?

yaya_nguba ameandika:

Pole kwa mega, mdogo wangu. 6400 ya 2006 iliuzwa na prosesa za namna mbili. Core Duo, zile T2 na namba tatu, nyingi ni za biti 32 tu. Core 2 Duo, kama T5500, ni za biti 64. Ukiwa na Linux yoyote inayowaka, andika `grep -w lm /proc/cpuinfo`. Ikinyamaza, ni 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya biti 32. Chukua Debian 12 ya i386, au antiX ya biti 32 ambayo ni nyepesi zaidi.

Kuna njia nyingine, ila uliza fundi anayeaminika: prosesa kwenye mashini hii haijachomelewa, inatoka kwenye soketi. Core 2 Duo inayolingana ikipatikana kwenye mashini iliyokufa inaweza kuwekwa, mradi BIOS iwe mpya ya kutosha.

Na kwa kuwa imetoka Ubelgiji: wakati wa kuweka, chagua klavye (kibodi) ya Belgique. Ya France inafanana nayo ila alama kadhaa zimehama. Mtu anaweka nenosiri lenye alama hizo kwa mpangilio mmoja, kesho anaandika kwa mwingine, anakuja hapa kusema Linux imemfungia nje.

Kalamu_Kadutu ameandika:

Wakubwa, aksanti sana. Nimeweka tarehe, dpkg imemaliza, purge imepita, nimezima na kutoa betri. Kebo imerudi yenyewe, b43 imepata fimwea kwa kebo hiyo hiyo, waifai inashika. Lspci sasa inasema b44 kwenye kebo na b43-pci-bridge kwenye waifai. Hiyo ya pili ni sawa? Naona si b43 kamili.

Tena, kerneli mpya ikija nitarudia haya yote?

yaya_nguba ameandika:

Ni sawa. Hilo ni jina ambalo ssb analitumia kuishika kadi kwenye PCI. B43 mwenyewe amekaa juu yake, mtazame kwenye lsmod.

Kerneli mpya haitakusumbua. B43 na b44 wanakuja ndani yake, na fimwea imekaa /lib/firmware/b43, haiguswi. Ila mtu akikuambia tena uweke broadcom-sta, muulize kwanza kebo ya mashini yako ni ya nani.

Printa ikikataa, fungua uzi mwingine. Huu umeshajaa.